Msonobari na mvinje: mwongozo kamili wa kulinganisha mti wa koni na mti wa maua

Wengi wanaotaka kujifunza tofauti kati ya miti ya koni na miti itoayo maua huchagua jozi rahisi: msonobari upande mmoja, mwembe upande wa pili. Mmoja una sindano, mwingine una majani mapana, basi kazi imekwisha na hakuna aliyejifunza kitu. Mimi ninapendekeza jozi ngumu zaidi: msonobari na mvinje. Yote miwili hunyooka juu, yote huning'iniza nyuzi za kijani zinazovuma upepo ukipita, na yote huangusha chini vitu vidogo vya mviringo, vigumu kama mbao, ambavyo kila mtu huviita koni. Hata hivyo msonobari ni mti wa koni kweli, na mvinje ni mti wa maua, ndugu wa mbali wa mwaloni. Ukiweza kueleza kwa ushahidi kwa nini hii miwili haiko kundi moja, miti mingine yote itakuwa rahisi kwako.

Kwa upande wa msonobari nitatumia Pinus patula, wenye asili ya Meksiko. Kwa upande wa mvinje nitatumia Casuarina equisetifolia, wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, kaskazini mwa Australia na visiwa vya Pasifiki. Ukiwa na msonobari wa spishi nyingine, hatua ni zilezile, ila idadi ya sindano na ukubwa wa koni vitabadilika.

Vifaa ni vichache: daftari, rula, wembe au kisu kikali, kioo cha kukuzia cha mara 10, mizani ndogo ya gramu, na msumeno wa mkono. Ukipata hadubini ni vizuri, lakini hapa hakuna hatua inayoilazimu.

Hatua ya 1: Chagua miti inayolinganishika

Usilinganishe mti mzee na mche. Tafuta miti iliyokwisha kuzaa, ikiwezekana inayokua kwenye udongo wa aina moja na inayopata jua sawa. Mti ulio kivulini hurefuka na kukonda, nawe utadhani hiyo ndiyo tabia ya spishi yake. Kama unaweza, chukua miti mitatu ya kila aina badala ya mmoja mmoja, kwa sababu miti hutofautiana kama watu. Andika tarehe, urefu wa kukadiria, na unene wa shina kwa kulizungushia kamba kwenye kimo cha kifua.

Hatua ya 2: Vuta "jani" uone kama litakatika

Hapa usiharakishe. Chuma sindano za msonobari kutoka kwenye tawi. Utaona kwamba hazichipui moja moja: hutoka kwa mafungu, na kila fungu limeshikwa chini na ala nyembamba ya rangi ya kahawia. Pinus patula kwa kawaida ina sindano 3 katika kila fungu, mara nyingine 4, nazo hulegea kuelekea chini zikiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 30 hivi. Sasa zibane sindano tatu za fungu moja kwa vidole. Zitashikamana na kuwa kijiti kimoja cha mviringo kisicho na pengo, kwa maana kila sindano ni theluthi ya duara. Ukikata kijiti hicho kwa wembe na kukitazama kwa kioo, utaziona theluthi hizo tatu waziwazi. Sindano ya msonobari ni jani zima, halina kiungo popote tangu alani hadi nchani.

Kisha chukua uzi mmoja wa mvinje. Ushike kwa mikono miwili, uuvute taratibu. Utakatika kwa mlio mdogo, na hautachanika ovyo: utaachana mahali pamoja maalumu, kwenye kiungo. Vuta tena, utaachana kwenye kiungo kinachofuata. Uzi huo umejengwa kwa pingili, kila pingili ikiwa na urefu wa milimita chache tu. Tazama kwa kioo pale pingili ilipoachia. Utaona pete ya meno madogo, kwa kawaida 7 au 8, meupe au ya kahawia, yaliyoizunguka ncha.

Meno hayo ndiyo majani ya mvinje. Kile ulichokuwa ukikiita sindano ni kijitawi cha kijani kilichochukua kazi ya majani, na majani yenyewe yamesinyaa hadi kuwa magamba yasiyofika hata milimita mbili. Kwa uzoefu wangu, hapa ndipo watu wengi hubadili mawazo yao kuhusu mvinje, na ndiyo maana huwa naianza kazi kwa jani na si kwa koni. Umbo la nje linaweza kufanana kabisa huku kinacholijenga kikiwa tofauti. Miti yote miwili inapunguza upotevu wa maji, na kila mmoja umefika hapo kwa njia yake.

Chora vyote viwili daftarini. Mchoro wa mkono, hata ukiwa mbaya, unakulazimisha kuhesabu meno na sindano. Picha ya simu haikulazimishi.

Hatua ya 3: Kwaruza gome

Kwaruza gome kidogo kwa ncha ya kisu, usiujeruhi mti. Msonobari utatoa utomvu mzito wenye harufu kali, unaonata vidoleni na hautoki kwa maji. Tumia mafuta kuutoa. Sehemu ya juu ya shina la Pinus patula ina gome jembamba la rangi ya machungwa linalobanduka kama karatasi, na sehemu ya chini ni nene yenye nyufa. Mvinje una gome la kijivu na kahawia lenye mipasuko ya wima, na hautoi utomvu wa namna hiyo. Lakini usiutegemee utomvu peke yake: miti mingi ya maua nayo hutoa utomvu unaonata, na mwembe ni mmojawapo.

Hatua ya 4: Pasua koni, kisha pasua ile isiyo koni

Huu ndio moyo wa kazi yote, kwa sababu mgawanyo wa makundi haya mawili hautokani na majani wala mbao. Unatokana na mahali mbegu inapokaa. Mtaalamu wa mimea kutoka Uskoti, Robert Brown, ndiye aliyelieleza jambo hili katika miaka ya 1820: katika miti ya koni na jamaa zake, yai la mbegu (sehemu itakayokuja kuwa mbegu) liko wazi, katika mimea ya maua limefungiwa ndani ya ovari, kifuko cha ua kinachokuja kuwa tunda.

Anza na msonobari. Koni za Pinus patula huwa kwenye vishada, zina urefu wa sentimita 7 hadi 10 hivi, na nyingi hubaki zimefunga mtini kwa miaka. Usizipasue kwa nyundo. Zianike kwenye jua kali kwa siku kadhaa, au ziweke kwenye joto la nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi, nazo zitafunguka zenyewe. Ng'oa gamba moja kutoka sehemu ya katikati ya koni na utazame upande wake wa juu. Utakuta mbegu mbili zimelala juu ya gamba, kila moja na bawa lake, na ukiziondoa zinaacha alama mbili kwenye gamba. Hakuna ganda la tunda lililozifunika. Magamba yamezibana tu, mithili ya vitabu vilivyopangwa vikabana karatasi katikati yake.

Sasa mvinje. Kile kinachoonekana kama koni kina urefu wa sentimita 1 hadi 2 hivi, nacho kimejaa vidomo vidogo viwili viwili vinavyofunguka kama midomo ya ndege. Kila jozi ya vidomo ilikuwa nyumba ya ua moja la kike. Yaani umeshika mkusanyiko wa matunda mengi yaliyotokana na maua mengi. Kila domo likifunguka, hutoka kitu bapa chenye bawa moja, cha milimita 6 hadi 8.

Na hapa ndipo penye kipimo chenyewe. Chukua kitu hicho chenye bawa cha mvinje, na chukua mbegu yenye bawa ya msonobari. Kwa macho ni ndugu. Loweka vyote usiku mmoja, kisha kata kila kimoja kwa wembe kupitia sehemu nene. Kwa msonobari, ganda gumu unalolikata ni ganda la mbegu yenyewe, na bawa lilitokana na gamba la koni. Kwa mvinje, ganda la nje ni ukuta wa ovari, yaani ukuta wa tunda, bawa ni sehemu ya tunda hilo, na mbegu iko ndani yake. Kinachopeperushwa na upepo kutoka kwenye msonobari ni mbegu. Kinachopeperushwa kutoka kwenye mvinje ni tunda zima. Ukiielewa sentensi hizi mbili, umeelewa kwa nini mimea ya maua imewekwa peke yake.

Ukikata mbegu ya msonobari kwa uangalifu utakuta pia chakula cheupe chenye mafuta kinachomzunguka kiinitete. Chakula hicho kilianza kutengenezwa na mama kabla ya utungishaji. Katika mimea ya maua, chakula cha mbegu huanzishwa na utungishaji wa pili unaotokea sambamba na ule wa kiinitete. Utungishaji huo maradufu ni alama nyingine kubwa ya kundi hilo.

Hatua ya 5: Subiri maua

Hatua hii inataka subira kwa sababu inafuata msimu. Mvinje hauna petali wala rangi za kuwaita nyuki, kwa kuwa chavua yake hubebwa na upepo, sawa na msonobari. Watu wengi hupita chini yake wakiwa na hakika kwamba hautoi maua. Tafuta maua ya kiume kwenye ncha za vijitawi: ni mikia myembamba ya kahawia, na kila ua lina stameni (kiungo cha kutoa chavua) moja tu. Maua ya kike yako pembeni, kwenye vichwa vidogo vyenye nyuzi nyekundu zinazochomoza pande zote. Nyuzi hizo ndizo zinazopokea chavua, na kila uzi unashuka hadi kwenye ovari iliyofungwa. Msonobari hauna kitu kama hicho: chavua huingia katikati ya magamba ya koni changa na kulifikia yai moja kwa moja.

Ukitikisa tawi la msonobari wakati wa msimu, utaona vumbi la njano likiruka. Chini ya hadubini kila chembe ya chavua hiyo ina vifuko viwili vya hewa. Chembe ya mvinje haina.

Muda nao ni tofauti. Katika misonobari, tangu chavua ifike hadi yai litungishwe hupita takriban mwaka mzima, na koni hukomaa mwaka wa pili. Mvinje humaliza safari yote katika miezi michache. Funga utepe kwenye tawi la kila mti siku unapoona koni changa au maua ya kike, andika tarehe, kisha rudi kila mwezi.

Mvinje uliwahi kuwasumbua hata mabingwa. Mwaka 1891 Melchior Treub, mkuu wa bustani ya mimea ya Buitenzorg kisiwani Java, aligundua kwamba mrija wa chavua ya mvinje huingia kwenye yai kupitia upande wa kitako badala ya kupitia tundu la kawaida. Ikadhaniwa kwamba mvinje ni daraja kati ya miti ya koni na miti ya maua. Baadaye ikaonekana kwamba tabia hiyo ipo pia kwa miti mingine ya maua, na leo mvinje uko kwenye oda moja (kundi la koo zinazohusiana) na mwaloni.

Hatua ya 6: Soma mbao

Kata kipande cha tawi nene la kila mti, kisha lainisha uso uliokatwa kwa wembe mpya. Wembe butu hautafaa, kwa sababu hubana nyuzi na kufuta kila kitu. Lowanisha uso kidogo na utazame kwa kioo cha mara 10.

Mbao ya mvinje itaonyesha matundu madogo yaliyotawanyika kila mahali. Hiyo ni mirija ya kupitishia maji. Mbao ya msonobari haina mirija hiyo. Maji hupita kwenye seli nyembamba ndefu ziitwazo trakeidi, ambazo ndizo zaidi ya asilimia 90 ya mbao yote. Tahadhari moja: msonobari una mifereji ya utomvu, nayo huonekana kama vitone vichache hapa na pale. Wanaoanza huvidhania kuwa ni mirija ya maji. Vitone vikiwa vichache na vinanata, hivyo ni vya utomvu.

Sasa pima uzito kwa ujazo. Chonga kipande kilichokauka vizuri chenye sentimita 10 kwa 5 kwa 5, yaani sentimita za ujazo 250. Kikiwa na gramu 125, gawa 125 kwa 250 upate 0.5, ambayo ni kilo 500 kwa kila mita ya ujazo. Msonobari huangukia karibu na hapo, kati ya kilo 400 na 600. Mvinje mara nyingi huzidi kilo 800, na vipande vingine hukaribia kuzama majini. Ndiyo maana kuni na makaa yake husifiwa, na ndiyo maana seremala huulalamikia: huvunja misumari na hupasuka ukikauka.

Usihitimishe, hata hivyo, kwamba miti ya koni ina mbao laini na miti ya maua ina mbao ngumu. Majina hayo ya biashara hufuata kundi la mti, hayafuati ugumu. Balsa ni mti wa maua, na mbao yake kwa kawaida ina kilo 100 hadi 200 tu kwa mita ya ujazo, nyepesi kuliko msonobari wowote utakaoupata.

Ukibahatika kupata gogo la mti ulioinama, litazame mahali kiini kilipo. Msonobari ulioinama hujiinua kwa kusukuma: hutengeneza mbao nene upande wa chini, kwa hiyo kiini husogea juu. Miti ya maua kwa kawaida hujiinua kwa kuvuta, mbao ya ziada ikawa upande wa juu. Miti miwili imelemewa na tatizo moja, na jibu la kila mmoja unalisoma kwenye gogo.

Hatua ya 7: Fukua mizizi midogo

Chimba kwa mikono, sentimita 10 hadi 20 kwenda chini, umbali wa mita moja au mbili kutoka shinani. Mizizi myembamba ya msonobari mara nyingi ina ncha fupi nono zilizogawanyika mbili mbili kama panda, zimevikwa utando wa kuvu. Kuvu hao huupatia mti maji na fosforasi, nao hulipwa sukari. Bila wao mche wa msonobari hudumaa na kuwa wa njano, na ndiyo maana wenye vitalu huchanganya udongo uliotoka chini ya misonobari mikubwa.

Kwenye mizizi ya mvinje tafuta vinundu: mabonge ya kahawia yenye vidole vidole. Kata kimoja. Ndani mnaishi bakteria wa jenasi Frankia wanaonasa nitrojeni ya hewani. Kwa hiyo mvinje humudu mchanga mtupu wa ufukweni, wenye chumvi, ambako msonobari huu ungekufa. Kuwa makini usiandike kwamba miti ya maua hunasa nitrojeni. Ni baadhi tu ya spishi. Hii ni tofauti ya miti hii miwili, haigusi makundi yao. Ni vyema daftari lako liwe na safu mbili tofauti: "tofauti za makundi" na "tofauti za spishi". Ovari, mirija ya maji na utungishaji maradufu huingia safu ya kwanza. Vinundu, chumvi, uzito na urefu wa jani huingia safu ya pili.

Hatua ya 8: Otesha mbegu

Sia mbegu za aina zote mbili kwenye trei zenye mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi. Mbegu za mvinje ni ndogo mno, zifunike kwa mchanga mwembamba tu. Mche wa mvinje utatoka na majani mawili ya kwanza. Mche wa msonobari utatoka na duara la majani membamba kadhaa yaliyosimama kama miale, kisha sindano za moja moja, na baada ya hapo tu ndipo mafungu ya sindano tatu huanza. Kwa mtoto mdogo anayejifunza, hatua hii peke yake inatosha.

Hatua ya 9: Tumia ulichokipata

Kama lengo lako ni kupanda, sasa una sababu za kuchagua. Unataka mbao za kupasua, una eneo la baridi la juu lenye mvua ya kutosha, na unaweza kusubiri miaka 25 hadi 30? Panda msonobari, kwa nafasi ya mita 2.5 hadi 3, upogolee na kuipunguza miti kadiri inavyobanana. Una mchanga, upepo wa bahari, na unahitaji nguzo na kuni mapema? Mvinje kwa nafasi ya mita 2 kwa 2 hufaa zaidi. Usitegemee visiki vya mti wowote kati ya hii: msonobari huu ukikatwa hauchipui, na mvinje wa spishi hii huchipua vibaya, kwa hiyo weka miche tayari kabla ya kuvuna.

Kabla ya kununua miche, uliza pia sheria za mahali ulipo. Mbegu zenye mabawa husafiri mbali. Mvinje umepigwa marufuku katika jimbo la Florida, Marekani, na Pinus patula imo kwenye orodha ya mimea vamizi nchini Afrika Kusini. Zote mbili hutandaza chini zulia la nyuzi kavu ambalo mimea mingine hupata shida kulipenya, na zulia la msonobari, kwa utomvu wake, hushika moto haraka; acha ukanda ulio wazi kati ya shamba na majengo.